Mgeni katika Ghala la Ushirika: Mfano wa Barbaresco, Italia

(Maelezo yaliyotolewa mbele ya semina ya makatibu wa vyama vya msingi)



Katika mkoa wa Piemonte, kaskazini-magharibi ya Italia, viko vilima viitwavyo Langhe. Kila mwaka, hasa miezi ya Oktoba na Novemba, wasafiri kutoka nchi za Ulaya na hata Marekani hufika huko kuonja mvinyo, kula vyakula vya wenyeji na kutazama mashamba ya mizabibu, ambayo mwaka 2014 yaliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia. Wengi wao wakirudi kwao huisimulia safari hiyo kwa miaka mingi. Swali linalostahili kuulizwa mbele ya wanaushirika ni hili: ni kitu gani hasa kinachomfanya msafiri asisahau? Itaonekana kwamba jibu lake lina uhusiano mkubwa na mizani, daftari, na uaminifu wa mwanachama kwa chama chake.

Wamo miongoni mwa wanachama watu ambao dini yao inakataza kileo. Maelezo haya hayamwiti mtu yeyote kunywa. Yanahusu zao la mkulima mdogo na namna ushirika ulivyolipatia zao hilo jina. Alimaye kahawa, pamba au korosho atajiona humo sawasawa na alimaye zabibu.

KIJIJI NA CHAMA CHAKE

Barbaresco ni kijiji kidogo chenye wakazi mia sita hivi, kilichojengwa juu ya kilima kinachotazama mto Tanaro, kilomita chache kutoka mji wa Alba. Zao lake kuu ni zabibu nyeusi aina ya Nebbiolo. Zabibu hiyo huchelewa kuiva. Kwa kawaida huvunwa mwezi Oktoba, ukungu unapotanda mabondeni, na wengi husema kwamba jina lake limetokana na neno la Kiitalia la ukungu, nebbia. Mkulima wa Dodoma huweza kuvuna zabibu mara mbili kwa mwaka. Mwenzake wa Barbaresco huvuna mara moja tu, na mvua ya mawe ya muda mfupi yaweza kumwondolea pato la mwaka mzima.

Hapo zamani mkulima wa Langhe alipakia zabibu zake kwenye mkokoteni, akazipeleka Alba, akangoja uwanjani wanunuzi waje. Zabibu iliyokwisha kukatwa haingoji. Kila saa ipitayo huipunguzia thamani. Mnunuzi alilijua jambo hilo vizuri, naye alikawia makusudi hadi mkulima alipokubali bei yoyote. Mkulima wa kahawa wa Kagera, aijuaye butura na jinsi ilivyowafilisi watu, hahitaji maelezo zaidi. Isitoshe, zabibu za Barbaresco zilitumiwa kutengenezea mvinyo wa Barolo, eneo lililo upande mwingine wa Alba, au mvinyo wake uliuzwa kwa jina la zabibu tu. Jina la kijiji halikujulikana mbali.

Mwaka 1894 Domizio Cavazza, mkuu wa Shule ya Kifalme ya Utengenezaji wa Mvinyo mjini Alba, aliwakusanya wenye mashamba tisa. Wakaunganisha zabibu zao, wakatengeneza mvinyo katika ngome yake iliyokuwa kijijini, wakauita kwa jina la kijiji. Huo ulikuwa mwanzo wa ushirika wa Barbaresco. Chama hicho kilifungwa katika miaka ya 1930, wakati wa utawala wa Kifashisti. Baada ya Vita Kuu ya Pili vilima vya Langhe vilikuwa maskini, na vijana wengi walihamia mijini kutafuta kazi za viwandani.

Mwaka 1958 padri wa kijiji, Don Fiorino Marengo, alitambua kwamba mashamba madogo yasingeweza kudumu kila moja peke yake. Akawaita wakulima 19, nao wakaanzisha chama kiitwacho Produttori del Barbaresco, yaani Wazalishaji wa Barbaresco. Hawakuwa na jengo. Mavuno matatu ya kwanza yalitengenezewa mvinyo katika chumba cha chini ya kanisa. Baadaye chama kilijenga kiwanda chake upande wa pili wa uwanja, na kiwanda hicho kipo hadi leo. Sasa chama kina wanachama zaidi ya 50, wenye hekta zaidi ya 100 za Nebbiolo, yaani wastani wa hekta mbili hivi kwa kila mwanachama. Hao ni wakulima wadogo kwa kipimo cha nchi yoyote.

ANACHOKIONA MSAFIRI

Msafiri afikapo Barbaresco hapokewi kwa ngoma wala kwa majumba ya fahari. Kijiji kina barabara moja kubwa, na mwisho wake pana mnara wa kale. Akipanda juu ya mnara huona mto chini yake, na pande nyingine vilima vilivyopandwa mizabibu kwa mistari iliyonyooka. Mwenyeji humwonyesha kwa kidole: kile ni Ovello, kile ni Montestefano, na kule ni Asili na Rabajà. Kila mteremko una jina lake, na mipaka yake hujulikana na watu wote wa kijiji.

Katika kanisa la zamani la San Donato, ambalo halitumiwi tena kwa ibada, mgeni huweza kuonja mvinyo wa watengenezaji mbalimbali wa Barbaresco pamoja. Kisha huenda kwenye duka la chama. Hapo hupata fursa isiyopatikana mahali pengi duniani. Chama hutengeneza kwa mbali mvinyo wa mashamba tisa mashuhuri ya kijiji: Asili, Rabajà, Pora, Montestefano, Ovello, Pajè, Montefico, Muncagöta na Rio Sordo. Zabibu ni za aina moja, mwaka ni mmoja, fundi ni mmoja na mapipa ni ya namna moja. Kinachotofautiana ni udongo na upande wa kilima unaopigwa na jua.

Mgeni humiminiwa kiasi kidogo katika bilauri. Hutazama rangi, ambayo kwa Nebbiolo si nzito. Hunusa, huonja, na akitaka hutema katika chombo kilichowekwa kwa ajili hiyo. Mvinyo huo una ukakasi ulimini kama wa chai iliyokolea sana, na ndiyo sababu huliwa pamoja na nyama au tambi zilizokandwa kwa viini vya mayai. Wajuzi husema wa Asili ni mpole na wa Montestefano ni mkali. Mgeni aliyekuwa akidhani mvinyo wote ni mmoja hutambua kwa ulimi wake kwamba mita mia chache za kilima zimebadili ladha. Tena akiigeuza chupa, husoma kwenye karatasi yake jina la shamba pamoja na majina ya wanachama wenye shamba hilo. Shamba lililotajwa kwenye chupa alikwisha liona kutoka juu ya mnara, na akipenda anaweza kwenda hapo kwa miguu.

Hilo ndilo asilolisahau. Vilima vizuri viko nchi nyingi, na chakula kitamu kadhalika. Ni nadra mnunuzi kushika bidhaa mkononi na kuona kwamba kila neno lililoandikwa juu yake ni kweli.

MASHARTI YALIYO NYUMA YA BILAURI

Ukweli huo haukuja wenyewe. Sharti la kwanza la chama ni kwamba mwanachama huleta Nebbiolo yake yote kwenye chama. Hana ruhusa ya kuuza vishada vizuri kwa mnunuzi binafsi na kuleta chamani vilivyobaki. Sharti la pili ni malipo: mwanachama hulipwa kwa kufuata ubora wa zabibu, si uzito peke yake. Aliyepunguza vishada mtini ili vilivyobaki viive vizuri hapati hasara kwa sababu mizani yake ni nyepesi.

Sharti la tatu ni gumu zaidi. Tangu mwaka 1967 chama kimekuwa kikitenga mvinyo wa mashamba maalumu, ambao bei yake ni kubwa kuliko ule wa kawaida. Lakini katika mwaka ambao mavuno hayakufikia kiwango, hakuna chupa hata moja inayotiwa jina la shamba. Zabibu zote, za mashamba mashuhuri na zisizo mashuhuri, huchanganywa katika mvinyo wa kawaida wa chama. Mwanachama wa Asili au Rabajà hukubali bei ndogo mwaka huo ili jina la shamba lake lisichakae.

Juu ya masharti ya chama ziko sheria za nchi. Jina la Barbaresco lililindwa kisheria mwaka 1966, na mwaka 1980 likapandishwa katika daraja la juu kabisa. Mvinyo haina budi kukaa si chini ya miezi 26 kabla ya kuuzwa, ambapo miezi 9 kati yake ni ndani ya mapipa ya mti. Na ule wa akiba maalumu miezi 50. Kwa mfano, zabibu zilizovunwa Oktoba 2020 hazikuruhusiwa kuuzwa kwa jina la Barbaresco kabla ya Januari 2023. Kila chupa hufungwa utepe wa Serikali wenye namba, ili idadi ya chupa zilizouzwa ilingane na idadi iliyoruhusiwa. Kila katibu aliyewahi kulinganisha stakabadhi na mzigo ulioko ghalani ataelewa maana ya utepe huo.

MWAKA WA AIBU, NA AIBU NYINGINE

Wapo watakaosema kwamba masharti haya ni mzigo mno. Yafaa wakumbushwe mwaka 1986. Mwezi Machi mwaka huo iligunduliwa Italia kwamba wafanyabiashara walikuwa wametia spiriti ya sumu, iitwayo methanoli, katika mvinyo wa bei rahisi ili kuuongezea ukali. Watu zaidi ya 20 walikufa, na wengine wakapofuka. Sehemu ya mvinyo huo ilitoka Narzole, katika jimbo lile lile la Cuneo iliko Barbaresco. Nchi za nje zikazuia mizigo, na mauzo ya mvinyo wa Italia yakaanguka. Mkulima ambaye hajawahi kuiona methanoli kwa macho alitiliwa shaka pamoja na mhalifu. Jina la pamoja huwabeba wote, na huwazamisha wote.

Ilikuwa baada ya msiba huo ndipo watengenezaji wengi walipoona umuhimu wa kumfungulia mnunuzi mlango aone mwenyewe. Mwaka 1993 kilianzishwa chama cha utalii wa mvinyo, ambacho kila mwaka mwishoni mwa Mei huandaa siku za maghala kuwa wazi kwa wageni nchini kote. Mwaka 1999 ikatungwa sheria ya barabara za mvinyo, ili vijiji, mashamba na nyumba za kulala wageni viweze kujipanga pamoja.

Hata hivyo haifai kudhani kwamba kila kitu Langhe ni safi. Msafiri huona mistari ya mizabibu. Mara nyingi hamwoni aliyeipogoa. Mwaka 2024 polisi wa jimbo la Cuneo waliwakamata watu waliotuhumiwa kuwanyonya na kuwapiga vibarua wa kigeni waliofanya kazi katika mashamba ya mizabibu ya eneo hilo. Habari hiyo ilienea upesi. Siku hizi mnunuzi anayeuliza zabibu zimetoka wapi huuliza pia nani amezivuna na amelipwa kiasi gani, naye ana haki ya kujibiwa.

YA KUZINGATIWA NA VYAMA

Wazo la kukaribisha wageni si geni katika ushirika wa Tanzania. KNCU, chama kikuu kilichoanzishwa Kilimanjaro mwaka 1933, kilianzisha mradi wa Kahawa Shamba, ambapo wageni walionyeshwa kahawa tangu mtini hadi kikombeni na wakulima wenyewe. Vyama vingine navyo vyaweza kufikiria hatua kama hiyo, lakini kwa utaratibu.

Kwanza, mgeni ni wa mwisho kuja. Wakulima wa Barbaresco walianza na mizani, malipo na chumba cha chini ya kanisa. Chama ambacho wanachama wake huuza mazao gizani na ambacho daftari lake halilingani na ghala hakina cha kumwonyesha mgeni ila kibao cha rangi barabarani.

Pili, ubora hauna budi kulipiwa. Kumhubiria mkulima achume mbivu peke yake, kisha mbivu na mbichi zikalipwa bei moja, ni kumfundisha kwamba bidii ni hasara. Halmashauri ya chama iamue madaraja mapema, yabandikwe ukutani, na mwanachama aone mizani yake ikisomwa.

Tatu, fedha za wageni ni fedha za chama. Kila malipo yakatiwe stakabadhi, yaingizwe kwenye daftari siku hiyo hiyo, na matumizi yake yaidhinishwe na Mkutano Mkuu. Mapato madogo yasiyoandikwa yamevunja vyama vingi kuliko hasara kubwa zilizoandikwa.

Nne, jina la zao lilindwe na wanachama wenyewe kabla ya mkaguzi hajafika. Wakati fulani italazimu mwenye shamba zuri akubali bei ya kawaida, kama afanyavyo mwanachama wa Barbaresco mwaka wa mavuno mabaya. Uamuzi huo ni mchungu, nao hauwezi kufanywa na katibu ofisini peke yake. Hufanywa mkutanoni, kwa kura, na watu watakaoumia.