Hofu ya Kusema Mbele ya Watu Inatibika

Mazungumzo ya afisa elimu ya watu wazima na wahitimu wa kisomo, Mapera, Wilaya ya Mbinga

 

Leo sitafundisha herufi wala hesabu. Hayo mmekwisha kuyajua. Leo tuzungumze juu ya jambo linalomnyima mtu faida ya kisomo chake. Jambo hilo ni hofu ya watu.

Tuseme yupo mama mmoja mkulima wa kahawa. Anasoma vizuri. Anajua kujumlisha na kutoa. Amekwenda kwenye mkutano wa chama cha ushirika. Karani anasoma makato ya kila kilo. Mama anaandika katika daftari lake, anapiga hesabu, anaona haikubali. Anataka kunyosha mkono. Hapo moyo unaanza kwenda mbio. Mikono inatetemeka. Mdomo unakauka. Anawaza, "Nikikosea watanicheka." Basi anautuliza mkono wake mapajani. Mkutano unafungwa. Mama anarudi nyumbani na hesabu sahihi ndani ya daftari, lakini fedha zake zimekwenda.

Sasa je, kisomo chake kimemsaidia nini siku hiyo?

Watu wa namna hii ni wengi. Yupo mzazi asiyekwenda kwenye mkutano wa shule kwa kuogopa kuulizwa neno. Yupo kijana anayerudi nyumbani na ugonjwa wake kwa sababu zahanati ina watu wengi benchini.

Na sheria haikutaka mtu yeyote akae kimya. Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982 inasema kila mkazi wa kijiji mwenye umri wa miaka 18 na zaidi ni mjumbe wa mkutano mkuu wa kijiji. Haki hiyo ni yako. Lakini haki ya kusema haina kazi kama koo limefungwa.

Hofu hii ni kitu gani?

Kwanza tuelewane. Heshima si ugonjwa. Mtu anayenyamaza wazee wakisema, kisha akasema zamu yake ilipofika, huyo ana adabu. Mtu mpole asiyependa maneno mengi naye ni mzima. Tunamsema yule anayetaka kusema na anajua la kusema, lakini hofu inamzuia kila mara, mpaka inaharibu maisha yake. Kwa wengi hofu hiyo huanza katika ujana. Ikizidi, madaktari huihesabu kuwa ni ugonjwa, na wana matibabu yake.

Mtu huyu si mjinga. Hakurogwa. Mwili wake unafanya kazi iliyo ya kawaida, ila kwa wakati usiofaa. Ukikutana na chui njiani, moyo hupiga haraka ili upeleke damu kwenye miguu ukimbie. Pumzi huenda mbio. Jasho hutoka. Mwili wa mwenye hofu ya watu unafanya vivyo hivyo mbele ya mkutano. Unaona macho ya watu kama macho ya chui.

Kwa nini hofu haiishi? Kwa sababu mwenye hofu hukimbia. Akikimbia anapata nafuu palepale, na mwili unajifunza kwamba kukimbia ndiyo dawa. Safari ya pili hofu inakuja na nguvu zaidi. Wengine hukimbilia pombe kabla ya mkutano. Pombe humfungua mtu mdomo kwa saa moja, lakini haimfundishi kitu. Kesho hofu ipo, na pombe imekuwa shida ya pili.

Daktari wa Johannesburg

Alikuwepo daktari wa Afrika Kusini, jina lake Joseph Wolpe. Mwaka 1958 alitoa kitabu kueleza jinsi alivyowatibu wenye hofu. Njia yake ilikuwa na mambo matatu. Kwanza, alimfundisha mgonjwa kuulegeza na kuutuliza mwili. Pili, waliandika pamoja orodha ya mambo yanayomtisha, kuanzia dogo hadi kubwa, kama ngazi. Tatu, mgonjwa aliyefanya mwili kuwa mtulivu alipanda ngazi ile kidogo kidogo, kwanza kwa kuwaza tu. Hakuruka hatua.

Nyinyi wakulima wa Umatengo jambo hili halitawashangaza. Mlima haulimwi ngoro kwa siku moja. Mnakata nyasi, mnazipanga, mnafukia kwa udongo, shimo moja baada ya jingine. Mwisho mlima mzima umelimwa, na mvua haichukui udongo.

Je, hipnosisi ni uchawi?

Kwa baadhi ya wagonjwa, Wolpe alitumia pia hipnosisi kuutuliza mwili. Neno hili linatokana na Kigiriki, maana yake usingizi. Lilienezwa na daktari James Braid wa Uskoti, aliyetoa kitabu chake mwaka 1843. Lakini hasa si usingizi. Mtu huketi au hulala, akamsikiliza mtaalamu anayesema kwa sauti ya taratibu. Mawazo yake yote hukusanyika mahali pamoja. Mwili hulegea. Ndipo mtaalamu humwongoza kujiona amesimama mbele ya watu, anasema bila kutetemeka.

Hali hiyo si ngeni kwetu. Mchezaji wa mganda ngoma ikimkolea husahau uchovu na jua. Mtoto anayesikiliza hadithi ya bibi haisikii mvua juu ya bati. Mtu aliye katika hipnosisi anasikia, na anaweza kukataa asilotaka. Si uchawi, wala si mashetani.

Lakini sikilizeni vizuri. Hipnosisi ni msaidizi tu. Ushahidi wa kwamba peke yake inaondoa hofu ya watu ni mdogo. Ushahidi wa tiba ya mazungumzo pamoja na kupanda ngazi ni mkubwa zaidi. Mwaka 2013 taasisi ya Uingereza inayowapa madaktari mwongozo iliiweka tiba hiyo mbele kwa ugonjwa huu. Tena hipnosisi ifanywe na mtu aliyesomea utabibu au tiba ya akili. Akija mtu sokoni na kusema, "Nipe fedha, nitakulaza na hofu itakwisha leo," msimpe hata senti.

Ngazi yako mwenyewe

Hofu ambayo haijazidi mnaweza kuianzia hapa hapa Mapera. Tayarisha daftari na kalamu. Andika ngazi yako, kwa mfano hivi:

1. Soma kwa sauti sentensi tano nyumbani, mtoto wako akisikiliza.
2. Soma habari moja ya gazeti mbele ya majirani wawili.
3. Uliza swali moja fupi katika kikundi chenu cha kisomo, au cha kuweka na kukopa.
4. Eleza jambo moja kwa dakika mbili katika kikundi hicho.
5. Simama katika mkutano wa kitongoji, uliza swali uliloliandika.
6. Toa hoja yako katika mkutano mkuu wa kijiji au wa ushirika.

Kabla ya kila hatua, tuliza mwili. Vuta pumzi kwa puani ukihesabu moja hadi nne. Itoe polepole ukihesabu moja hadi sita. Fanya hivyo mara kumi. Kisha panda hatua yako. Moyo ukienda mbio, usikimbie. Kaa hapo mpaka utulie. Rudia hatua hiyo siku nyingine, na nyingine tena, mpaka uizoee. Ndipo upande inayofuata.

Tena gawa ukurasa wa daftari sehemu mbili. Upande wa kushoto, kabla ya mkutano, andika unachoogopa: "Watanicheka wote." Upande wa kulia, baada ya mkutano, andika kilichotokea kweli. Labda alicheka mmoja, na wawili wakakushukuru. Ukifanya hivyo mara nyingi utaona hofu inasema uongo mwingi. Hapo kisomo chako kimekuwa dawa.

Njia ya kuanza na kikundi kidogo ilikwisha kujaribiwa nchini kwetu. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu wapatao milioni mbili walikaa katika vikundi vidogo, wakasikiliza redio, kisha wakajadiliana. Mtu anayeogopa mbele ya mamia anaweza kusema mbele ya watu kumi.

Huko Zimbabwe nako, daktari Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 kuwafundisha akina bibi wa Mbare, mjini Harare, kukaa benchini nje ya kliniki na kuzungumza na wenye mawazo na hofu. Utafiti uliotangazwa mwaka 2016 ulionyesha kuwa wagonjwa waliozungumza na watoa huduma wa benchi walipata nafuu kuliko waliopata huduma ya kawaida. Mnaona? Mazungumzo yaliyo na mpango ni tiba kamili.

Ikizidi, nenda hospitali

Ikiwa hofu inakufungia ndani, inakunyima usingizi, inakupeleka kwenye pombe, au unawaza kujidhuru, usingoje. Nenda zahanati ukamweleze mganga. Ukishindwa kusema, andika kwenye karatasi umpe. Mwombe akuelekeze hospitali ya wilaya, au ya mkoa kule Songea. Zipo dawa pia, lakini zitolewe na daktari.

Wajibu wetu sisi wasikilizaji

Mwenye hofu hawezi kupona katikati ya watu wanaomcheka. Wenyeviti, mpeni muda mtu anayetafuta maneno. Akina baba, mke akisimama kusema mkutanoni msimkalishe kwa macho. Vijana, acheni miguno. Siku hiyo labda mama huyo ndiye aliyeona kosa la hesabu, na fedha zitakazookolewa ni za wote.

Ndugu zangu, kabla ya kulala leo andikeni hatua ya kwanza tu. Kesho ifanyeni.



Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Heshima na hofu ya watu vinatofautianaje?
2. Kwa nini kukimbia kunaongeza hofu?
3. Hipnosisi inaweza kusaidia nini, na haiwezi nini?
4. Katika mikutano ya kijiji chetu, ni watu gani hawasikiki? Tutawasaidiaje?