Kukunjua Kilichokunjwa: Kitenzi cha Kiingereza "Unwind" na Kauli ya Kutendua katika Kiswahili

1. Utangulizi

Mwanafunzi wa tafsiri akutanapo na kitenzi cha Kiingereza unwind, aghalabu hukimbilia neno moja tu: pumzika. Katika sentensi nyingi neno hilo humvusha salama. Mfanyakazi aliyerejea nyumbani jioni, akavua viatu na kuketi, amepumzika, wala hakuna msomaji atakayelalamika. Hata hivyo, kitenzi hichohicho husemwa juu ya bendeji inayoondolewa kwenye kidonda na juu ya uzi unaotolewa kwenye kibiringo. Wanabiolojia hukitumia kueleza jinsi nyuzi mbili za DNA zinavyoachanishwa kabla ya kunakiliwa. Wafanyabiashara wa masoko ya fedha nao hukitumia wanapojitoa hatua kwa hatua katika biashara waliyokwisha kuiingia. Ni dhahiri kwamba uzi haupumziki, na DNA haipumziki.

Mhadhara huu unakusudia kuonyesha mambo mawili. La kwanza ni kwamba Kiswahili kina njia yake ya kisarufi ya kueleza tendo la kurudisha nyuma tendo jingine, nayo ni kauli ya kutendua. La pili, ambalo ndilo kiini cha hoja, ni kwamba Kiswahili nacho kimeitoa kauli hiyo kwenye vitu na kuipeleka kwenye nafsi ya mtu, ila kwa mwelekeo usiolingana na ule wa Kiingereza. Mfasiri asiyeutambua mwelekeo huo atapata neno na kupoteza maana.

2. Kitenzi chenyewe katika Kiingereza

Kitenzi unwind kimejengwa kwa kiambishi awali un- na kitenzi wind, yaani kuzungusha au kuzonga. Kiambishi hicho kina sura mbili zisizopaswa kuchanganywa. Kikiwekwa mbele ya kivumishi, hukanusha: mtu hana furaha, jambo si la haki. Kikiwekwa mbele ya kitenzi cha namna hii, hakikanushi, bali hutengua: kilichofungwa kinafunguliwa, kilichozongwa kinazongolewa. Kwa sababu hiyo umbo unwound laweza kuwa na utata. Laweza kutaja uzi ambao haujapata kuzongwa, na laweza kutaja uzi uliozongwa kisha ukazongolewa.

Kiswahili hakina utata huo. Ukanushi una viambishi vyake na utenduzi una vyake. Mlango usiofungwa si sawa na mlango uliofunguliwa: wa kwanza huenda haujaguswa na mtu tangu asubuhi, lakini wa pili una historia.

Maana ya kujiondolea uchovu na mkazo ilienea katika Kiingereza katika karne ya 20. Taswira yake hueleweka kwa urahisi kupitia kamani ya saa: kutwa nzima mtu hukazwa kama kamani, na jioni kamani hiyo hulegea kidogo kidogo. Taswira hii haihamii moja kwa moja katika Kiswahili. Mswahili hakuizonga saa; aliitia ufunguo. Na neno ufunguo lenyewe limetokana na fungua, kitenzi cha kutendua.

3. Kauli ya kutendua

E. O. Ashton, katika sarufi yake ya mwaka 1944, aliieleza kauli hii kuwa ni ya kugeuza maana ya kitenzi cha msingi. Mifano inajulikana: funga na fungua, ziba na zibua, tega na tegua, pamba na pambua, choma na chomoa. Irabu ya kiambishi ni u, isipokuwa pale ambapo mzizi una o, ndipo nayo huwa o. Kwa hiyo zonga huzaa zongoa, wala si *zongua.

Katika lugha nyingi za Kibantu kiambishi hiki bado kina konsonanti, kwa mfano -ul- au -ur-. Kiswahili kimeidondosha konsonanti hiyo, lakini hakikuisahau. Hujitokeza tena mara kitenzi kinaponyambuliwa zaidi: fungua hutoa fungulia na funguliwa, chomoa hutoa chomolea na chomolewa, kunjua hutoa kunjulia na kunjuliwa. Kwa upande wa hali, umbo ni -uk- au -ok-: funguka, kunjuka, chomoka.

Isidhaniwe kwamba kauli hii hutendua kila mara. Kama na kamua zote ni kubana ili majimaji yatoke. Songa ni kubana, na songoa ni kukamua kwa kupopotoa. Hapa -u- huzidisha nguvu ya tendo badala ya kulirudisha. Aidha, si kila kitenzi hukubali kauli hii. Kula hakuna kinyume chake cha namna hiyo, wala kusoma. Mwanafunzi hawezi kuunda vitenzi vya kutendua apendavyo. Hana budi kuvipokea kutoka kwa wazungumzaji.

4. Kutoka kwenye kitu hadi kwenye moyo

Kati ya vitenzi hivyo, kunjua ndicho kilichosafiri mbali zaidi. Kunja husemwa juu ya nguo, na husemwa pia juu ya mkeka na jamvi, ambavyo kwa kweli huviringishwa. Kunjua ni kuvirejesha katika upana wake. Kutoka hapo lugha imeingia katika mwili: mtu hukunja ngumi, hukunja uso. Naye hujikunjua anaponyoosha viungo baada ya kukaa kitako kwa muda mrefu. Hatimaye imefika moyoni: moyo mkunjufu, uso wa kukunjuka, ukunjufu.

Hapa ndipo lugha mbili zinapoachana. Katika Kiingereza, anayelegeza kamani yake hufanya hivyo kwa faida yake mwenyewe, na aghalabu huhitaji kuachwa peke yake. Katika Kiswahili, ukunjufu huonekana mbele ya mtu mwingine. Mgeni hupokelewa kwa moyo mkunjufu. Mwenyeji hukunjua uso ili yule aliyebisha hodi ajue kwamba amekaribishwa. Uso hukunjuliwa kama mkeka: ili mwingine apate pa kukaa.

Zonga nacho kinafundisha jambo. Watu husema kila siku kwamba fulani amezongwa na mawazo au amezongwa na matatizo. Sitiari ya kuzungukwa na kubanwa ingali hai kabisa. Lakini mtu huyo akipata nafuu, hasemwi kuwa amezongoka. Husemwa ametulia, amefarijika, moyo wake umekunjuka. Lugha imeuchukua mlango mmoja wa kuingilia na mwingine wa kutokea.

Funguka nacho kimepata maana mpya. Katika magazeti na redio za Tanzania, msanii au mwanasiasa anayeeleza waziwazi jambo alilokuwa amelificha husemwa amefunguka. Kauli ya kutendua, kwa hiyo, ingali inazaa sitiari, na wanaozizaa ni wazungumzaji wenyewe.

5. Hatari na mapendekezo

Mfasiri anayefuata umbo badala ya maana anaweza kuumbuka. Akimtafuta mtu anayejilegeza kwa kutumia fungua pamoja na kiambishi ji-, atakuwa ameandika kwamba mtu huyo amejifungua, na wasomaji watauliza kama mtoto ni wa kike au wa kiume. Hata pumzika ina mtego wake. Katika taarifa za misiba husemwa kwamba marehemu amepumzika, hivyo sentensi fupi isiyo na muktadha inaweza kumzika mtu aliye hai. Legea nacho hukaribia ulegevu, ambao ni lawama.

Njia iliyo salama ni kuuliza kwanza: ni nini kilichokazwa? Ikiwa ni uzi, bendeji au DNA, zongoa inatosha, na wanaoandika vitabu vya biolojia kwa Kiswahili hawana haja ya kukopa. Ikiwa ni mkeka, ni kunjua. Ikiwa ni biashara ya fedha, ni kujitoa hatua kwa hatua. Ikiwa ni mtu, lazima liulizwe swali la pili: yuko peke yake au pamoja na wenzake? Aliye peke yake hupumzika au hujinyoosha. Walio pamoja hubarizi, au huenda kupunga upepo, kama wafanyavyo wakazi wa Unguja jioni pale Forodhani.

Watunzi wa kamusi za lugha mbili wangefanya vyema kuyapanga maelezo yao kwa kufuata kile kinachotendwa, badala ya kurundika visawe vinne au vitano na kutenganisha kwa mkato. Mwanafunzi anayekuta zongoa, kunjua, legea na pumzika katika mstari mmoja, bila mfano hata mmoja, hajasaidiwa, ameachiwa abahatishe. Visawe hivyo vina mipaka ambayo kila mzungumzaji anaifahamu, ingawa ni wachache waliopata kuulizwa. Kazi ya mwanaisimu ni kwenda kuwauliza, kisha kuandika walichosema.