Matiba na mlolongo wa 1988

Msikilizaji wa Rukanga, Bungule au Makwasinyi aliyeshiriki mchujo wa chama tawala, KANU, mwaka 1988 anaukumbuka mlolongo: unapanga foleni nyuma ya picha ya mgombea, kila jirani akikuona umesimama wapi. Kura ya siri haikuwepo.

Kenneth Matiba alikuwa na kila sababu ya kunyamaza. Alikuwa ameongoza Kenya Breweries, ana hoteli Diani, tena ni waziri. Lakini Desemba mwaka huohuo alijiuzulu, akilalamikia wizi wa kura katika uchaguzi wa chama. Mei 1990, yeye na mwanasiasa mwenzake Charles Rubia wakadai vyama vingi hadharani. Siku tatu kabla ya Saba Saba, mkutano wa Julai 7 wa kudai vyama vingi, walikamatwa, wakawekwa kizuizini bila kushtakiwa.

Huko ndiko kiharusi kilikompata, na hapa ndipo moyo wangu unapouma. Alitoka 1991 akiwa mgonjwa. Mwaka uliofuata aligombea urais katika hali hiyo, akashika nafasi ya pili. Mahakama Kuu iliamuru serikali imlipe fidia mwaka 2017, miaka 26 baada ya kuachiliwa. Aprili 2018 akafariki.