Reli Imekwenda, Mkuza Umebaki



Garimoshi na mwendesha baiskeli wana tabia moja: wote wawili hawapendi mlima. Ndiyo maana mafundi wa reli wa zamani walichonga majabali, wakajaza mabonde na kutoboa vilima ili tuta liende karibu tambarare. Reli ikifa, ukang'oa vyuma na mataruma, unabakiwa na njia ya baiskeli ambayo hakuna serikali ingekubali kuichonga kwa ajili ya baiskeli tu.

Njia ya namna hiyo ipo katika jimbo la Missouri, Marekani. Inaitwa Katy, jina la utani la kampuni ya reli ya Missouri-Kansas-Texas. Ina urefu wa kilomita 386 hivi, kutoka Machens upande wa mashariki hadi Clinton magharibi, na kwa sehemu kubwa inafuatana na Mto Missouri. Mkono mmoja kuna mto na mashamba ya mahindi. Mkono wa pili majabali ya chokaa yamesimama kama ukuta. Penye mji mdogo wa Rocheport unaingia katika handaki la mawe lenye urefu wa zaidi ya meta 70, ubaridi unakupiga usoni, kisha unatoka juani. Chini ya magurudumu hakuna lami, ni mawe ya chokaa yaliyosagwa. Hata mzee mwenye magoti mabovu anakwenda, mradi asikose maji ya kunywa.

Lakini raha hiyo ilipatikana kwa ugomvi. Mafuriko ya Oktoba 1986 yaliiharibu reli, na kampuni ikaamua kuachana nayo. Wenye mashamba wakasema: babu zetu walitoa ruhusa ya treni kupita, basi, treni haipo, ardhi yetu irudi. Haikuwa hoja ya kijinga. Tatizo ni kwamba mkuza ukirudi kwa wenyewe unakatwa vipande mamia, na hakuna atakayeweza kuviunganisha tena. Sisi watu wa mjini hatuhitaji kuelezwa. Kiwanja cha wazi leo kina kibanda, kesho kina ukuta na geti.

Bunge la Marekani lilikuwa limeliona hilo mwaka 1983. Lilitunga sheria ya kuuweka mkuza akiba, kama fedha benki: watu wapite kwa miguu na baiskeli, na siku treni ikihitajika, irudi. Kwa hiyo mbele ya sheria reli haihesabiwi kuwa imetelekezwa. Mwaka 1990 Mahakama Kuu ya nchi hiyo iliikubali sheria hiyo, na mwaka huo huo kipande cha kwanza cha Katy kikafunguliwa. Fedha za kuununua mkuza na sehemu kubwa ya ujenzi zilitolewa na tajiri mmoja, Ted Jones, pamoja na mkewe Pat. Wenye mashamba walingoja hadi mwaka 2000 ndipo mahakama ikatamka kwamba walistahili fidia. Mimi naona njia ilistahili kubaki na wao walistahili kulipwa. Aibu ni hiyo miaka ya kungoja.

Na bado mambo hayakuisha. Pale Boonville kuna daraja la reli la mwaka 1932 linalovuka Mto Missouri. Kampuni ya Union Pacific, iliyokuwa imeinunua ile ya Katy, ilitaka kulibomoa ili chuma chake kikajengee daraja jingine. Waendesha baiskeli hawakuwa wakilitumia. Wanavuka kwa daraja la magari lililo jirani. Kwa nini basi watu wapige kelele? Kwa sababu bila daraja mkuza umekatika, treni haiwezi kurudi, na akiba isiyoweza kutolewa benki si akiba tena. Mwanasheria Mkuu wa jimbo, Jay Nixon, alifungua kesi mwaka 2005, akashindwa. Mwaka 2010, yeye akiwa gavana, daraja likakabidhiwa kwa mji wa Boonville, na mwaka 2016 sehemu yake ikafunguliwa kwa watu.

Treni haijarudi, wala hakuna anayeitazamia kesho. Wanaopita ni watu wenye baiskeli, wengi wao hawana habari na kesi hizo. Wanapovuka mto pale Boonville, daraja la chuma wanaliona pembeni, limesimama tu.