Chupa ya Seramu



Utotoni nikitumwa buchari, nilikuwa nikikodolea macho ule utando wa mafuta unaofunika matumbo ya mbuzi, mweupe, umetoboka kama kitambaa cha kufuma. Binadamu pia anao. Mwaka 2011 watafiti wa Chicago walionyesha kwamba seli za mafuta za utando huo huivuta saratani ya ovari, kisha huigawia mafuta yake ikanawiri.

Hayo niliyasoma, nikafaulu mtihani, nikayasahau. Halafu siku moja maabarani, dawa iliyoua seli za saratani Ijumaa, Jumatatu haikuua kitu. Nikailaumu dawa. Nikamlaumu mwenzangu. Wiki tatu! Kumbe tulikuwa tumefungua chupa mpya ya seramu, ile ya damu ya ndama tunayochanganya na maji ya rangi ya waridi ya kulishia seli. Tukaiondolea seramu hiyo mafuta, tukatia dawa, seli zikafa. Tukarudisha tone la asidi ya oleiki, zikapona. Mwenzangu nilimnunulia soda, akainywa bila kunisemesha.

Kifo chenyewe kinaitwa feroptosisi, jina lililotolewa mwaka 2012. Chuma kilichomo ndani ya seli huyachachisha mafuta ya utando wake, kama mafuta ya chipsi yaliyokaangiwa mno, mpaka utando unapasuka. Asidi ya oleiki haichachi upesi. Seli ikiinyonya kutoka nje, huipachika kwenye utando, na hapo chuma hukosa cha kuunguza. Mwaka 2020 watafiti wa Texas waliliona jambo hilo kwa panya: seli za melanoma zilizopitia kwenye limfu, ambako asidi hiyo ni tele, zilikuwa sugu kuliko zilizoingia moja kwa moja kwenye damu.

Ndiyo, ni asidi ile ile iliyojaa kwenye avokado. Tafadhali msiende kuwatia hofu akina mama wa soko la hapa Jericho. Kilichompata panya wa maabara hakijawa mlo wa mtu.

Lakini ninyi wahitimu wa maabara, mkiripoti kazini, kabla hamjaandika jina la dawa, andikeni nambari ya chupa ya seramu. Chupa yangu ile ninayo bado. Mama aliikata shingo, akaiweka dirishani kwetu, karibu na uwanja wa Camp Toyoyo, akapanda dania.