Hotuba Juu ya Kununua Nyumba na Shamba

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, Muumba wa mbingu na ardhi, na rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad, jamaa zake na sahaba zake. Amma baad.



Maneno ya leo yahusu jambo linalozungumzwa sana barazani baada ya sala ya Alasiri, nalo ni kununua nyumba yenye shamba huko vijijini, mbali na makelele ya mji. Mfanyabiashara aliyechoka kulipa kodi ya chumba hulitaja. Dereva anayekaribia kustaafu hulitaja. Mama mwenye duka la vitambaa, ambaye wanawe wamekwisha kuoa na kuolewa, naye hulitaja. Mmoja autamani udongo mweusi wa Mudende na Busasamana, unaostawisha viazi na pareto. Mwingine ataka kilima cha Nyamyumba, akae kati ya migomba na mibuni akilitazama ziwa Kivu.

Tamaa hii ina asili yake. Wakati wa utawala wa Wabelgiji, Waislamu wa Rwanda walitengewa mitaa yao ya kukaa, iliyoitwa kambi za Waswahili, na Biryogo ya Kigali ndiyo iliyojulikana kuliko zote. Mtu wa kambi aliishi kwa biashara, kwa cherehani, au kwa usukani wa motokaa. Kilima na shamba vilikuwa vya wengine. Hivyo watoto walizaliwa na kukua wakijua bei ya kila kitu sokoni, bila kujua majira ya kupanda maharage. Leo kizuizi hicho hakipo, na kila mwananchi ana haki ya kumiliki ardhi mahali popote nchini. Tena siku za karibuni zimefundisha. Mpaka wa Goma ulipofungwa mwezi wa Machi 2020 kwa sababu ya maradhi ya Korona, nyumba nyingi zilizotegemea biashara ya kuvuka ziliona njaa, lakini mwenye shamba, hata dogo, alikuwa na kitu cha kutia chunguni.

Basi kutaka shamba si kosa. Kosa ni kununua kwa pupa, kwani haraka haraka haina baraka, na nchi yenyewe ni finyu. Hesabu ya watu ya mwaka 2022 ilionyesha kwamba Rwanda ina watu zaidi ya milioni 13, na kwamba katika kila kilomita moja ya mraba wanakaa watu 503. Katika nchi ya namna hiyo hakuna ardhi isiyo na mwenyewe.

Jambo la kwanza, mnunuzi ajue anunuacho. Kwa sheria ya ardhi ya mwaka 2021, mwananchi kwa kawaida hupewa ardhi na Serikali kwa mkataba wa miaka 99, nao waweza kufanywa upya. Kila kiwanja kina nambari yake, kwa maana katika kazi kubwa ya kupima na kuandikisha ardhi, iliyomalizika mwaka 2013, viwanja zaidi ya milioni 10 viliandikwa katika daftari. Na tangu mwaka 2023 hati mpya zimekuwa zikitolewa kwa njia ya kompyuta. Yampasa mnunuzi achukue nambari hiyo, aende katika ofisi ya ardhi ya murenge, aulize jina la mwenye hati, na kama ardhi imewekwa rehani benki. Afanye hivyo kabla faranga moja haijatoka mfukoni. Wahenga wamesema: mali bila daftari hupotea bila habari. Na Mwenyezi Mungu, katika Sura ya Al-Baqara, ameamrisha deni liandikwe na mashahidi wasimamishwe. Karatasi iliyoandikwa usiku mbele ya dalali na marafiki wawili haimfanyi mtu kuwa mwenye ardhi.

Jambo la pili, mnunuzi atazame ni nani anayeuza, na ni nani asiyeulizwa. Aghalabu hati ina majina mawili, la mume na la mke, na sheria yataka wote wawili wakubali. Basi muuzaji akisema, “Mke wangu amekwenda kwao, lakini hana neno,” mnunuzi angoje mpaka mke arudi. Vivyo hivyo shamba la urithi. Sheria ya mwaka 1999 ilimpa mtoto wa kike haki ya kurithi pamoja na ndugu zake wa kiume, na kabla ya hapo kwa karne nyingi Kurani ilikwisha kukataza fungu la mwanamke lisiliwe. Yeyote anunuaye kwa kaka, huku akijua kwamba dada amefichwa, amenunua dhuluma pamoja na udongo. Mtume (S.A.W.) ameonya kwamba mwenye kudhulumu ardhi, hata kiasi cha shubiri moja, atavishwa shingoni Siku ya Kiyama kutoka katika ardhi saba. Onyo hili limepokewa na Bukhari na Muslim, nalo lamtosha mwenye akili.

Jambo la tatu, mnunuzi ajue kwamba si kila shamba laruhusiwa kujengwa nyumba. Wengi huota nyumba ya peke yake katikati ya shamba, na njia nyembamba inayoishia mlangoni. Lakini tangu miaka ya baada ya 1994 Serikali imewataka watu wa vijijini wakae pamoja katika midugudu, ili barabara, maji, umeme na shule viweze kuwafikia, na mashamba yabaki mashamba. Ramani ya matumizi ya ardhi ndiyo inayosema hapa ni pa kulima na hapa ni pa kujenga. Aliyenunua pa kulima akaweka matofali, atakuja kuambiwa ayaondoe. Kwa hiyo, mara nyingi nyumba yenye shamba katika nchi hii ni vitu viwili: nyumba katika mudugudu, na shamba mahali pa kutembea kwa miguu. Mwenye kulijua hili mapema hununua kwa moyo mkunjufu.

Jambo la nne ni ardhi yenyewe. Ardhi ya Rubavu ina baraka nyingi, na hatari zake zajulikana. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023, mvua kubwa iliporomosha milima na kufurisha mito ya magharibi na kaskazini mwa Rwanda. Watu zaidi ya 130 walikufa, na mto Sebeya ulizoa nyumba za watu wa wilaya hii. Bonde tulivu lenye mto unaonong'ona wakati wa kiangazi hupendeza macho. Lakini mnunuzi alitazame wakati wa masika, na awaulize wazee maji yalifika wapi mwaka ule. Sheria pia yakataza kujenga chini ya mita 50 kutoka ukingo wa ziwa, na chini ya mita 10 kutoka mto. Huko juu, karibu na volkano, udongo una rutuba lakini hunywa maji upesi, hata visima na vijito ni haba. Aendaye huko afikirie bomba na tangi la kukinga mvua kabla ya kufikiria viazi. Nayo matetemeko yaliyofuata mlipuko wa Nyiragongo wa tarehe 22 Mei 2021 yalipasua nyumba nyingi za Gisenyi. Hivyo ukuta uliopakwa rangi jana usinunuliwe mpaka msingi wake umekaguliwa na fundi mwaminifu.

Jambo la tano ni bei, na hapa ndipo imani ya mtu hupimwa. Chukueni mfano wa mjane mwenye nusu hekta, ambaye mwanawe amelazwa hospitali. Ataka kuuza leo, na kwa bei yoyote. Mtu wa mjini mwenye fedha akimwendea, ana njia mbili. Aweza kusema, “Mwenyewe amekubali,” akaichukua kwa nusu ya thamani. Au aweza kumwambia thamani ya kweli, au kumkopesha bila riba ili ardhi isimtoke. Mtume (S.A.W.) alipofika Madina, mahali pa msikiti palikuwa mali ya mayatima wawili, Sahl na Suhail. Wao walitaka kupatoa bure, naye hakukubali ila kwa kulipa. Ikiwa ardhi ya msikiti ililipiwa, ardhi ya viazi yapasa kulipiwa mara ngapi?

Na Bukhari amepokea habari ya mtu wa umma zilizopita aliyenunua ardhi akakuta ndani yake mtungi wa dhahabu. Akamrudishia muuzaji, akimwambia kwamba yeye alinunua ardhi, hakununua dhahabu. Muuzaji naye akakataa, akisema kwamba aliiuza ardhi pamoja na vilivyomo. Wakaenda kwa mwamuzi. Mwamuzi akauliza kama wana watoto. Mmoja alikuwa na mvulana, na mwingine msichana. Akahukumu waozeshwe, na dhahabu itumiwe kwao na katika sadaka. Siku hizi kesi nyingi za ardhi zinazopelekwa mbele ya abunzi ni za watu wanaovutana kila mmoja kwake. Wale wawili walivutana kila mmoja akisukumia kwa mwenzake.

Jambo la sita ni jirani. Mji humficha mtu, kijiji hakimfichi. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Anayehamia kijijini atatazamwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku ya umuganda: je, amekuja na jembe lake, au amefunga mlango? Jirani zake wengi watakuwa Wakristo. Watamwalika katika arusi na matanga, na pombe ya ndizi itakuwapo. Haimlazimu kuinywa, wala haimpasi kuwakimbia. Aende na zawadi yake, akae, apewe maziwa, arudi na heshima yake. Wala isisahauliwe kwamba katika Kinyarwanda neno “Umuswahili” limewahi kutumiwa kwa maana ya mtu mjanja asiyeaminika. Neno hilo halitafutwa kwa hotuba. Litafutwa na mnunuzi mmoja mmoja, asiyesogeza mpaka, asiyechelewesha ujira wa kibarua, na asiyefungia wenziwe njia ya kwenda kisimani.

Jambo la mwisho: aliyenunua akae, au aende mara kwa mara. Fimbo ya mbali haiui nyoka, na shamba la mtu asiyeonekana huota magugu na fitina. Afundishe watoto kulima, awaonyeshe mipaka yake na mti wa kila pembe, na aandike wasia ulio sawa, ili kaburi lake lisiwe mwanzo wa ugomvi. Mtume (S.A.W.) amefundisha kwamba Muislamu akipanda mti, kila kinacholiwa katika mti huo, na mtu au ndege au mnyama, huandikwa kwake kuwa ni sadaka. Wazee waliofungiwa katika kambi hawakupata nafasi ya kuacha sadaka ya namna hiyo. Wajukuu wao wanayo.

Mwenyezi Mungu awajaalie wenye kutaka ardhi waipate kwa halali, awalinde wenye kuiuza kwa shida, na aibariki miji na vijiji vya Rubavu kwa amani na mvua yenye kiasi. Amin.

Wabillahi tawfiq.