Tusingoje Msiba Ndipo Tushirikiane

(Hotuba iliyotolewa mbele ya makatibu na wajumbe wa vyama vya msingi)



Ushirika wetu unajua kuzika. Mwanachama akifariki, kabla jua halijatua turubai limekwisha fungwa, mchango umekwisha andikwa na jeneza limekwisha agizwa. Hilo ni jema, wala sikuja kulipunguza. Nimekuja kuuliza juu ya miezi inayoitangulia siku hiyo.

Katika chama chetu alikuwako mkulima wa kahawa aliyeugua saratani miezi mitano. Mkewe alimuuguza peke yake, usiku na mchana. Maumivu yalipozidi, sauti ya mgonjwa ilisikika hadi barabarani. Alipofariki tulichanga, na fedha zikazidi mahitaji ya mazishi. Mjane alizitazama, akasema, "Mngenipa mtu mmoja wa kukesha naye, ningeshukuru zaidi." Mimi ndiye niliyekuwa nimeshika daftari la mchango, na sikuwa na jibu.

Huko Ulaya na Marekani, mtu wa kazi hiyo siku hizi huitwa dula wa mwisho wa maisha. Neno hilo lina asili ya Kigiriki, na maana yake ilikuwa mtumishi wa kike. Yeye si daktari wala muuguzi. Hukaa na mgonjwa, humsikiliza, huwapumzisha jamaa na kuwaandaa kwa siku za mwisho. Sisi hatuna haja ya kuagiza jina. Tumtambue mtu mwenyewe, nasi tumwite msindikizaji.

Tumtafute wapi? Kwanza, katibu aende zahanati awaulizie wahudumu wa afya wa jamii. Aulize pia juu ya tiba shufaa, yaani huduma ya kutuliza maumivu na kumfariji mtu mwenye maradhi yasiyopona. Katika mikoa yetu ya Kaskazini, tuulize Hospitali ya KCMC, Moshi, na Hospitali ya Selian, Arusha. Dar es Salaam iko Taasisi ya Saratani ya Ocean Road. Pili, tuulize parokiani, usharikani na msikitini. Huko wako wazee na akina mama ambao wamekesha na wagonjwa miaka mingi bila kutajwa popote.

Anayefaa ana alama zake. Hutunza siri. Hajiingizi katika mambo ya urithi. Humgeuza mgonjwa kila baada ya saa mbili hivi, asipate vidonda vya kulala. Hamlazimishi kula, bali humlowesha midomo kwa kitambaa safi. Hatoi dawa ambayo hakuelekezwa.

Kuhusu dawa, wengi huogopa mofini wakidhani kwamba huharakisha kifo. Ikitolewa kwa kipimo sahihi, kazi yake ni kutuliza maumivu. Ile ya maji kwa kawaida hunywewa kila baada ya saa nne, pamoja na dawa ya kulainisha choo, kwa sababu mofini hufunga choo. Jirani zetu wa Uganda, ambako shirika la Hospice Africa Uganda lilianza mwaka 1993, waliruhusu mwaka 2004 wauguzi waliopata mafunzo maalumu waiandike dawa hiyo, ili mgonjwa wa kijijini asikose nafuu kwa kukosa daktari.

Kwa hiyo napendekeza mambo matatu:

(a) Kila chama kiwe na orodha ya wasindikizaji, wasiopungua wawili kila kijiji.

(b) Mkutano mkuu uamue sehemu ya mfuko wa rambirambi itumike mgonjwa angali hai, kwa nauli ya kufuata dawa, sabuni na mpira wa kitandani.

(c) Katibu amtembelee mgonjwa angali na fahamu zake, ahakikishe hisa zake na jina la mteule wake vimeandikwa sawasawa, ili jamaa wasije wakahangaika.

Ndugu zangu, mjane yule bado huleta kahawa yake chamani kila msimu. Hajatulaumu hata mara moja. Lakini kila ninapomwandikia stakabadhi, nakumbuka kwamba nyumba yake haiko mbali na ofisi yetu, na kwamba kwa miezi mitano hakuna hata mmoja wetu aliyekwenda kukesha naye.